Maalim na Kitako cha Bunduki

Maalim wetu ana bunduki. Mama akimtaja kwa mgeni huanzia hapo, halafu humwacha mgeni ahangaike kidogo kabla hajamwambia kwamba ni bunduki ya upepo, ya mchezo, ya kutoboa karatasi, na kwamba hata karatasi zenyewe, kwa anavyolenga Maalim, nyingi hurudi nyumbani salama salimini.

Anakaa ghorofa ya tatu na sisi tuko ya pili, kwa hiyo tunamsikia. Watu wengine hapa Peckham wanalalamikia muziki wa majirani. Sisi juu yetu kuna msasa. Kwaru, kwaru, kwaru, mtu anasugua mbao kama anataka kuifikia roho yake. Zamani alikuwa karani wa kaunsili, idara ya nyumba, na nadhani huko ndiko alikojifunza kukitengeneza kitu ambacho hakijaharibika. Sasa amestaafu. Jumamosi asubuhi anatusomesha Kurani; chuo chetu ni ukumbi wa chini wa jengo letu, ukumbi ambao Jumapili ni kanisa na katikati ya wiki ni mazoezi ya wajawazito. Siku zilizobaki ni fundi wa bunduki moja.

Bunduki yenyewe aliinunua dukani, kwa halali, ikiwa nzima na haina kasoro. Hilo ndilo lililomuudhi. Hakuipeleka uwanjani hata mara mbili kabla hajaifungua na kuanza kuirekebisha. Shida yake yote ameiona kwenye kitako, ile sehemu ya mbao ambayo mtu huiegemeza begani na kuilalia shavu. Kilikuwa kirefu mno, akakikata. Kikawa kifupi mno, akakiongeza. Kikawa chepesi, akakitia uzito. Kikawa kizito, akaanza kufanya mazoezi ya kunyanyua debe la mchele sebuleni. Kila Jumapili anapanda basi la 36 mpaka Edgware Road kwenye mkahawa ambapo wazee wa kwetu wanakutana kunywa kahawa, na kila Jumapili wanamuuliza amepiga wapi.

"Mtu hodari habadilishi shabaha," anawajibu. "Hubadilisha kitako."

Huu msemo ni wake mwenyewe na anautoa kama vile ameurithi. Mjomba wangu, anayeendesha basi na kwa hiyo haogopi mtu, alimjibu siku moja: "Kitako umeshabadilisha mpaka bunduki haijui tena ikae vipi. Sasa badilisha miwani, Maalim."

Mwaka huu mkewe alichoka. Sisi tunamwita Bi Maalim, ingawa yeye ndiye anayemsomesha Maalim mambo mengi. Alimwekea sharti mbele ya Mama na Mjomba, kwenye sebule yetu, huku mimi nikipitisha visheti. Kabla ya mfungo wa Ramadhani, Maalim alete karatasi moja, moja tu, ambayo matundu yote yamo ndani ya duara jeusi la katikati. Akiileta, hatasikia tena neno. Asipoileta, bunduki inauzwa na kile chumba kidogo anachofanyia ufundi kinarudi kuwa cha cherehani kama Mungu alivyokusudia.

"Nimekubali," Maalim akasema, akapeana naye mkono.

Mkono wa kulia, bila shaka.

Hapa inabidi nieleze habari ya mikono, kwa sababu bila hiyo Maalim haeleweki. Mimi ni mashoto. Skuli hakuna anayejali; naandika Kiingereza kwa kushoto, najichafua wino mpaka kiwikoni, basi. Lakini kwa Maalim mkono wa kushoto una kazi moja, na kazi yenyewe haitajwi mezani. Tangu mdogo ananitaka niandike kwa kulia. Hapigi mtoto, sheria za nchi hii anazijua kuliko waliozitunga. Anapiga meza. Rula yake inashuka karibu na kidole chako kwa ustadi ambao, Mjomba anasema, angekuwa nao kwenye bunduki tungekuwa tumeshapumzika.

"Lugha yenyewe imeshatoa hukumu," Maalim anatuambia. "Huu unaitwaje?"

"Mkono wa kuliaaa."

"Kwa nini? Kwa sababu ni wa kulia chakula. Wahenga hawakuwa wajinga."

Mimi nilijua mapema kwamba neno hilo lina maana ya tatu, maana nimeulilia sana mkono ule. Alifu, ambayo ni mstari mmoja tu uliosimama, herufi ambayo hata mtoto wa miaka minne anaiweza, kwangu ilitoka imeinama kama mzee anayetafuta funguo. Na la kuudhi zaidi ni kwamba Kiarabu kinatoka kulia kwenda kushoto. Kwa mkono wa kushoto usingechafua hata tone. Ni kama mwandiko uliotengenezewa sisi mashoto, halafu ndio tukakatazwa. Mimi sikusema haya kwa mtu. Mimi sisemi. Skuli wanaliandika jambo hilo kwenye ripoti yangu kila mwaka, kwa maneno yaleyale, nadhani wanayanakili.

Kwa hiyo nina miandiko miwili: mmoja wa mtu na mmoja wa Jumamosi.

Kuhusu sheria, Maalim ni mwoga kwelikweli. Nguvu ya bunduki yake haigusi. Ukimuuliza kwa nini asiiongeze risasi ziende kasi, anainuka kitini. Anakueleza kwamba bunduki ya upepo ikizidi kiwango fulani cha nguvu inakuwa silaha ya kibali, na kwamba yeye anabadilisha mbao, mbao tu, sawa na mtu anayebadilisha miguu ya meza. Haya anayasema kwa sauti ya hotuba ya Ijumaa. Bunduki inalala ndani ya kabati la chuma lenye kufuli, na ufunguo ameuning'iniza shingoni pamoja na hirizi, ingawa sisi alituambia kuwa hirizi ni ushirikina.

Na huruma anayo. Mbweha alipokuwa akipasua mifuko ya taka chini ya jengo, jirani mmoja Mnaijeria alimgongea mlango, "Baba, si una bunduki?" Maalim alimkaribisha, akampa chai, akamweleza haki za mnyama mpaka yule bwana akaondoka akiwa upande wa mbweha. Njiwa wa kwenye roshani anawalisha mkate. Watoto wa chuoni akiwaona na michezo ya kupigana kwenye simu, huwanyang'anya. "Hii inaharibu akili," husema. "Ile yangu inajenga subira." Lakini lifti ikichelewa kidogo tu huipiga teke, kwa mguu wa kulia.

Sanduku la bunduki lilimletea balaa jingine. Ni refu, jeusi, lina mkanda wa begani, na akitoka nalo asubuhi kwenda kituo cha treni anatembea haraka kwa aibu. Wanawake wa jengo walimwona, wakaulizana, na jibu likapatikana kabla hajavuka barabara: Maalim amejifunza fidla. Maalim anapiga taarabu! Habari ikafika msikitini. Wazee wawili wakaja nyumbani kwake, wakakaa, wakazunguka maneno weee, mpaka mmoja akapasua: "Tumesikia una chombo."

"Ninacho," Maalim akasema.

"Na unakipiga?"

"Najaribu. Bado sijakipatia."

"Mbele za watu?"

"Kuna klabu. Wengi Wazungu."

Wazee wakashika vichwa. Bi Maalim ndiye aliyetoka jikoni na kuwaambia kwamba ni bunduki. Anasema hajapata kuona watu wakifurahi namna ile. Mmoja alimkumbatia Maalim. "Si ungesema! Bunduki haina neno, tulidhani fidla!"

Lakini kisa kinachosimuliwa zaidi ni cha mbuzi.

Maalim alikuwa ameamua kwamba kitako kinahitaji nundu ya kuegemeza shavu, ili jicho lisimame palepale kila mara. Alitafuta mbao inayofaa. Za dukani alizikataa zote. Moja ilikuwa laini kama keki, nyingine ilikuwa na fundo. Mwisho akaingia jikoni kwake mwenyewe na macho yake yakaangukia mbuzi wa kukunia nazi, wa mbao ya mfenesi, aliyesafiri na Bi Maalim kutoka nyumbani ndani ya sanduku la nguo. Bi Maalim alikuwa kazini. Maalim akambeba yule mbuzi mpaka kile chumba kidogo, akambana kwenye meno ya jiriwa mezani, akamkata.

Halafu, kwa furaha ya fundi, akaandika kwenye kundi la simu la wazazi wa chuo: *Ndugu zangu, leo nimemchinja mbuzi. Alhamdulillahi.*

Kuanzia alasiri watu wakaanza kupanda ngazi. Walikuja na vyombo, vile vya plastiki vyenye vifuniko. Mama alikwenda na sufuria na mimi nikamfuata nyuma. Familia moja ilitoka Woolwich, watoto wamevalishwa. Mtu mmoja alileta mchele, maana si vizuri kuja mikono mitupu. Maalim alisimama mlangoni na unga wa mbao kwenye ndevu, anawakaribisha, haelewi kwa nini ana wageni, na kwa adabu zetu hakuna wa kumuuliza nyama iko wapi. Wote wakakaa. Wakasifu hali ya hewa ya London, ambayo haijawahi kusifiwa. Wakasubiri harufu.

Ndipo Bi Maalim akarudi kutoka kazini na kukuta baraza ndani ya nyumba yake.

"Kuna msiba?" akauliza.

"Hapana, bibi, tumekuja kwa mbuzi," akasema yule wa Woolwich.

"Mbuzi gani?"

Chumba kizima kikamtazama Maalim. Maalim akatazama kapeti. Bi Maalim akaenda jikoni, tukasikia kabati zinafunguliwa na kufungwa, halafu akaingia kile chumba kidogo. Alitoka ameshika kipande cha chuma chenye meno, ulimi wa mbuzi, huo tu ndio uliobaki.

"Mmemwona mbuzi wenu?" akasema. "Haya, kuleni."

Maalim akajitetea. Mbao ile, alisema, imekunywa tui miaka na miaka, haiwezi kupasuka. Kitako bora kuliko hicho hakipatikani Ulaya nzima.

"Kitako!" Bi Maalim akawageukia wanawake. "Miaka yote nimekikalia mimi, leo anakwenda kukiweka shavuni."

Mama alilazimika kutoka nje. Wanaume walikohoa kwa pamoja. Jioni ile watu wote walikula kuku wa kukaanga wa dukani kwenye kona, pamoja na ule mchele, na hadi leo mtu akialikwa kwa Maalim huuliza kwanza, "Mbuzi mwenye pembe au mwenye meno?"

Basi nundu ile akaifanyia kazi mpaka ikang'aa, akaipaka mafuta, akaichonga pembeni maua kama yale ya milango ya Mji Mkongwe, akaigandisha upande wa kushoto wa kitako, panapokaa shavu la mtu anayelenga kwa bega la kulia. Ilikuwa nzuri, mie nasema kweli. Na bado risasi zilikwenda zilikotaka.

Mimi niliijua siri yake kwa sababu ya gilasi ya chai. Ilikuwa chuoni, mtoto mmoja alipita na begi lake mgongoni akaisukuma gilasi ya Maalim kutoka mezani. Maalim alikuwa anasoma, hata hakuinua macho. Mkono ukatoka, ukaidaka gilasi hewani, ikarudi mezani na chai yake ndani. Mkono wa kushoto. Darasa zima wakapiga makofi kwa kudaka, na mimi nikabaki nimeutazama ule mkono. Aliurudisha chini ya meza upesi, kama mtu anayemrudisha mtoto chumbani wageni wakiwepo.

Tangu siku hiyo nikawa namwangalia. Nyigu akiingia darasani, kushoto. Tasbihi ikianguka, kushoto. Anapofikiri na kujikuna kofia, kushoto. Anapokumbuka kwamba sisi tupo, kulia. Nilimweleza Mama, na Mama alipokutana na Bi Maalim sokoni kwenye mihogo akamdokeza kwa utani. Bi Maalim hakucheka. Alisema tu, "Mkono ule ulipakwa pilipili akiwa mtoto. Asije akasahau akala nao." Akachagua muhogo mwingine.

Wiki chache kabla ya mfungo kulikuwa na siku ya familia kwenye klabu yake, na Bi Maalim alituchukua mimi na Mama tukawe mashahidi. "Twendeni mkamwone anavyouonea ukuta," alisema. Ni treni mpaka nje ya London, halafu unatembea kando ya uwanja wa kriketi mpaka kwenye banda refu. Ndani mlikuwa na wazee wa Kizungu wenye majaketi ya mifuko mingi, kila mmoja analalamikia magoti, kila mmoja ana bunduki ambayo haikuwa na kasoro alipoinunua. Kama ingekuwepo kahawa ningedhani ni Edgware Road. Walimwita Maalim "Profesa" na wakakipapasa kitako chake cha mbuzi kwa heshima kubwa.

Msimamizi akatoa ruhusa. Watu wakalenga. Na hapo nikaona jambo ambalo nadhani hata Bi Maalim hakuliona, kwa sababu lilipita upesi. Maalim aliinua bunduki ikaenda yenyewe kwenye bega la kushoto. Ikatulia pale, shavu likainama, mwili wake wote ukawa kama umefika nyumbani. Halafu akakumbuka. Akaihamishia kulia, akafumba jicho ambalo halikutaka kufumbwa, akahangaika, akapiga.

Karatasi iliporudi Bi Maalim aliiinua juu kwenye taa. Matundu yalikuwa pembeni pembeni, yametawanyika, duara la katikati halikuguswa.

"Katikati umemwachia nani?" akamuuliza.

"Kitako bado," Maalim akasema. "Kitako bado kidogo."

Kwenye treni ya kurudi aliketi amelipakata lile sanduku. Mkono wake wa kushoto ulikuwa juu ya sanduku na vidole vinacheza vyenyewe. Niliona huruma, na pia nilikasirika, na sikujua hasira ni ya nani. Nilifikiria ile nundu. Mkono ule ungeachiwa, angekuwa amekwisha kufika zamani. Sote wawili tungekuwa tumefika.

Jumamosi iliyofuata somo lilikuwa adabu. Kuingia msikitini kwa mguu wa kulia, kuvaa kiatu kwa kulia, kula kwa kulia, kutoa na kupokea kwa kulia. Mwishoni Maalim huuliza, "Maswali?" huku akifunga kitabu, kwa sababu hakuna anayewahi kuuliza. Mkono wangu ukanyanyuka. Ukanyanyuka wa kushoto, nilisahau.

Maalim alinitazama kama mtu aliyeona kabati linazungumza.

"Na bunduki je, Maalim?" nikasema. Sauti yangu ilitoka ndogo na mbovu. "Nayo ni kwa kulia?"

Watoto wakacheka. Mmoja akasema, "Astaghfirullah," kwa sababu hulisema kwa kila kitu.

"Kwa nini unauliza?"

"Kwa sababu Maalim kwanza unaishika kushoto. Halafu ndiyo unaihamisha."

Rula ilikuwa mkononi mwake na haikupanda wala haikushuka.

"Kaa kitako," akasema.

"Nimekaa, Maalim."

"Basi kaa zaidi."

Nikakaa zaidi. Sijui nilifanyaje, lakini nilikaa zaidi. Nilirudi nyumbani nikajifungia chumbani, nikamwambia Mama nimemaliza chuo na sirudi tena, yeye akasema nitarudi.

Juu kukawa kimya. Wiki nzima msasa haukusikika. Bi Maalim alishuka mwenyewe kumuuliza Mama, "Mmemfanya nini mume wangu? Anakaa tu anautazama mkono wake kama mtu anayesubiri umpigie simu." Mama akaniangalia mimi. Mimi nikaangalia biskuti. Jumamosi hiyo Maalim alitusomesha bila rula, hakunitazama hata mara moja, na alifu zangu ziliinama kuliko siku zote.

Halafu tukasikia tena. Kwaru, kwaru. Halafu nyundo. Halafu msumeno, na Mama akasema, "Leo kachinja nini?"

Mwezi ulikuwa unakaribia kuandama Mama aliponituma juu na bakuli la kashata. Ilikuwa jioni, mlango ulikuwa wazi, Bi Maalim alikuwa kwenye kile chumba kidogo. Cherehani ilikuwa imeshaingia. Nikadhani bunduki imeshauzwa. Lakini jiriwa nayo ilikuwa palepale, imesogezwa tu kwenye kona, na juu yake bunduki haikuwepo, imefungiwa kabatini.

"Tumegawana," Bi Maalim akasema, uzi mdomoni. "Yeye nusu, mimi nusu, na unga wake wa mbao ukigusa kitambaa changu namwita polisi. Nenda kaangalie friji."

Kwenye mlango wa friji, chini ya sumaku yenye umbo la nanasi, palikuwa na karatasi ya shabaha. Matundu yote yalikuwa ndani ya duara jeusi, yamebanana, mengine yameingiliana mpaka yakafanya shimo moja lenye kingo zilizochanika. Yote ila moja. Hilo lilikuwa juu kabisa kwenye pembe, karibu litoke nje ya karatasi.

Maalim akatokea nyuma yangu na kofia yake ya msikitini. Nilitaka kuteleza nipotee, lakini bakuli lilikuwa bado mkononi.

"Unaitazama ile ya pembeni," akasema.

"Hapana, Maalim."

"Unaitazama. Ile ni ya mkono wa kulia. Ya kuagia."

Bi Maalim kule chumbani akapaza sauti: "Mimi nimesema nitaihesabu na hiyo!"

"Umesema hutasema!" Maalim akamjibu. Halafu akafungua kabati la chuma, akanionyesha bunduki bila kuitoa. Nundu ya mfenesi ilikuwa imehamia upande wa kulia wa kitako, na pale ilipokuwa zamani palibaki kovu la gundi, amelisugua lakini halijaondoka. Maua yake yalikuwa yameangalia upande mwingine.

Mjomba alirudi na habari kutoka Edgware Road kwamba Maalim aliipeleka karatasi mkahawani ndani ya bahasha, akaipitisha kwa kila mtu, hata kwa Waarabu wa meza ya jirani ambao hawakuuliza. Wakamtaka aseme siri. Akanywa kahawa mpaka chini, akasema, "Nimebadilisha kitako." Basi. Si uongo. Yeye ataingia kaburini akisema tatizo lilikuwa mbao.

Leo ndiyo Jumamosi ya mwisho kabla ya mfungo. Nilifika chuoni mapema nikakuta Maalim anasogeza benchi. Kiti changu cha siku zote, katikati, alikuwa amempa mtoto mwingine, na mimi akanionyesha mwisho wa benchi upande wa kushoto, ambapo kiwiko cha mtu hakimgongi mwenzake.

"Nimeitazama tena ile lugha," akasema, akiwa anapanga vitabu na hanitazami. "Mkono wa kulia ni wa kulia. Chakula. Hapo hapana mjadala, nikikuona unakula kwa kushoto nakwenda kwa mama yako. Lakini kuandika... maandishi hayaliwi."

"Na bunduki, Maalim?"

"Bunduki inaliwa?"

"Hapana, Maalim."

"Basi. Kaa kitako."

Nikakaa. Watoto wakaingia, somo likaanza, nikashika kalamu kwa mkono wangu. Yule wa Astaghfirullah akaniona kabla sijafika nusu ya mstari.

"Maalim! Mbona yeye anaandika kwa kushoto?"

Rula ikapiga meza, mbali sana na vidole vyangu.

"Kwa sababu kitako chake kiko upande huo," Maalim akasema. "Andika."

Darasa zima likaangua kicheko, na Maalim, aliyekuwa hajaelewa bado alichokisema, akawa anawatazama mmoja mmoja. Alifu yangu ya kwanza ilisimama wima kama mlingoti. Ya pili ililala kidogo, kwa sababu na mimi nilikuwa nacheka.